Alhamisi za Felisita

Kwa miaka mitatu, Alhamisi ilikuwa siku ya Felisita Shigela. Ikifika saa tisa na nusu alasiri aliinuka kitini, akafunga dirisha, akazima feni, kisha akasema neno moja tu: "Jamani."

Wenzake wawili walikuwa wanalijua neno hilo. Judica aliilaza simu yake mezani kifudifudi, na Bryson aliondoa mikono kwenye kompyuta yake na kuikunja kifuani kama mtu anayesubiri kuombewa. Ndipo Felisita alipofungua mkoba, akatoa laptopu nyeusi yenye ufa kwenye kona, na daftari lenye picha ya twiga kwenye jalada, na kazi ikaanza. Daftari hilo lilikuwa na hatua thelathini na saba. Kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza, isipokuwa kama kuna moto.

Hapo ni Bariadi, mtaa wa Somanda, chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Ukipita na haraka zako utadhani ni stoo ya mbolea, na harufu itakuunga mkono. Lakini ndani wamo watu watatu wanaotengeneza programu ya simu inayoitwa Zamu.

Zamu ni kitu rahisi kueleza. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kila kituo cha kununulia kina ghala lake dogo. Ghala likijaa kabla lori la kiwanda halijafika, mkulima aliyetoka na mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri atakaa nje na pamba yake, akiomba mvua isinyeshe na mbuzi wa watu wasimtembelee. Basi Zamu inawaambia wenye malori kituo gani kimejaa, na inamtumia mkulima ujumbe: leta pamba yako siku fulani, saa fulani, utakuta nafasi. Vituo kumi na tisa, kutoka Kasoli mpaka upande wa Maswa, vinaitegemea. Kila Alhamisi saa kumi toleo jipya linatoka na ratiba ya wiki inayofuata. Likichelewa, simu za ofisini zinalia kama vifaranga waliopotelewa na mama.

Na toleo halitoki hivihivi. Vipande vilivyoandikwa na huyu na yule lazima vikusanywe, vifungwe viwe kitu kimoja, kijaribiwe, kisha kipelekwe kwenye simu za makarani wa vituo. Wenyewe wanaita kuijenga programu. Kazi hiyo iliwezekana kwenye laptopu moja tu chini ya jua hili, mikononi mwa mtu mmoja tu. Bryson aliwahi kujaribu kwenye kompyuta yake, mpya, ya kung'aa. Ikamtolea mistari mia mbili ya maandishi mekundu. Akaifunga taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe.

Felisita hakusomea kazi hii. Alisomea ukatibu muhtasi Shinyanga, akaajiriwa kuchapa barua, na siku moja programu ya ofisi ikameza barua zake za wiki nzima. Wengine walilaani wakaanza upya. Yeye alitaka kujua zimeenda wapi. Akaanza kutazama mafunzo ya video, na kwa kuwa Kiingereza chake enzi hizo kilikuwa kinachechemea, alisimamisha video kila baada ya sentensi na kuandika hatua daftarini. Hatua ya kwanza, hatua ya pili. Ndivyo alivyojifunza kila kitu anachokijua, na ndiyo maana daftari lile lilikuwa kwake kama jembe kwa mkulima: hukopeshi, na ukikopesha hulali.

Hayo ni ya mjini. Kwao, kijiji kilichopo mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka stesheni ya Malampaka, hakuna anayejua habari za laptopu. Kule Felisita ni mwitikiaji.

Baba yake, mzee Shigela, ni manju wa Bagalu. Ngoma za mashindano za Usukumani zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtoto huzaliwa akakuta nyumba yao ina upande, kama anavyoikuta dini. Vikundi viwili hucheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja na kona yake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Jaji ni miguu ya watazamaji. Wakihamia kwenu, mmeshinda. Wakiwahama, mmekwisha, hata kama mnatokwa jasho la damu. Sasa manju anapotupa ubeti, kuna mtu mmoja anayeudaka kwanza na kuujibu, kabla kundi zima halijaitikia. Akichelewa kidogo tu, ubeti unaanguka chini kama yai. Tangu akiwa na miaka kumi na minne, anayedaka beti za mzee Shigela alikuwa Felisita.

Lakini mashindano huja baada ya mavuno, yaani msimu uleule wa Zamu, na kwa desturi huanza Alhamisi. Misimu mitatu ilikuwa imepita Felisita akiwa Bariadi, dirisha limefungwa, feni imezimwa.

Siku ile baba yake alipopiga simu, hakuzunguka.

"Felisita."

"Naam, baba. Mwadila."

"Mwadila. Mashindano ni Alhamisi ya tano kutoka leo."

"Baba, Alhamisi nina..."

"Najua una nini. Una mashine. Mwaka juzi ulikuwa na mashine, mwaka jana ulikuwa na mashine. Ingekuwa ng'ombe jike, tungekuwa na ndama watatu."

"Baba nitajaribu."

"Sheria ya kikundi unaijua, ng'wanone, mwanangu. Misimu minne."

Alikuwa anaijua. Anayekosa misimu minne mfululizo anarudisha njuga, zinapewa miguu mingine, na nafasi yake mstarini inakufa. Haina rufaa, na manju ndiye wa mwisho kuweza kumpendelea binti yake.

"Binti wa Salu ameshaanza kuzijaribu," mzee akaongeza.

"Zinamkaa?"

"Zinamkaa vizuri kupita kiasi." Akakata simu. Yeye hukata simu anapomaliza kusema, hasubiri kwaheri.

Kesho yake Felisita alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima bila kuandika hata mstari mmoja. Judica akamwona. Judica ni Mpare, mama wa makamo, aliyeletwa Bariadi na serikali kuwa mtu wa takwimu. Walipotaka kumhamisha akakataa, akaacha kazi, akaanzisha Zamu. Watu wasiosema ya moyoni humchosha.

"Feli, una msiba?"

Felisita akaeleza. Njuga, baba, binti wa Salu, Alhamisi. Alipomaliza, Bryson akageuza kiti. Huyu ni kijana wa Moshi, ana miezi minane Bariadi, na tangu afike alikuwa na jambo kooni.

"Dada Feli, mimi ningependekeza kitu. Kuna utaratibu unaitwa DevOps."

"Ni dawa ya nini?" Judica akauliza.

"Si dawa, mama. Ni namna ya kufanya kazi. Anayeandika programu na anayeipeleka kwa watu wanakuwa kitu kimoja, hakuna kutupiana mpira. Na kile tunachofanya kwa mkono kila wiki, tunakiandika mara moja tu, mashine inakifanya. Tunaazima mashine kwenye wingu, yaani kompyuta ya mbali tunayoifikia kwa mtandao. Sisi tukiweka kazi mpya ghalani, pale mtandaoni tunapohifadhi kazi zetu, yenyewe inaamka, inajenga, inajaribu. Ikikuta pasafi inapeleka vituoni. Ikikuta kasoro inagoma, na inakuonyesha kasoro iko wapi."

"Na mimi nakuwa wapi?" Felisita akauliza.

"Malampaka. Unacheza."

Ungetegemea afurahi. Badala yake alihisi kama mtu amemmwagia maji ya kisima mgongoni. Akaliangalia daftari lake la twiga.

"Kwa hiyo miaka mitatu yote nilikuwa nafanya kazi ya mashine."

Judica ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Feli, nikuulize. Unaogopa isiweze, au unaogopa iweze?"

Felisita alijibu kesho yake asubuhi, alipoingia na kuliweka daftari juu ya meza ya Bryson. "Usikunje kurasa," akasema, akaenda kukaa.

Wakaanza kupitia hatua moja baada ya nyingine, Bryson akisoma kwa sauti.

"Hatua ya tatu: zima feni. Kwa nini, dada?"

"Feni ikiwaka pamoja na mashine ya kusaga ya jirani, umeme unakatika."

"Huko kwenye wingu hakuna jirani anayesaga." Akaikata. "Hatua ya tisa: mtume Bryson chai. Hii nayo?"

"Ulikuwa unanichungulia begani."

"Kumbe! Na mimi nikadhani mnapenda chai."

Judica akacheka mpaka akashika ubavu. Wakaendelea. Hatua ya ishirini na mbili ilisema: nakili faili kutoka folda ya MUHIMU USIFUTE 2. Folda hiyo haikuwa ghalani pamoja na kazi nyingine. Ilikuwa kwenye laptopu ya Felisita peke yake, na ndani yake kulikuwa na majina na namba za vituo vyote kumi na tisa.

"Dada Feli, laptopu hii ingeanguka mtoni, Zamu ingekufa palepale."

"Ndiyo maana siivukishi mto."

"Na MUHIMU USIFUTE 1 iko wapi?"

Felisita akatazama dirishani. "Niliifuta."

Hatua thelathini na saba zilipochujwa zikabaki kumi na nne. Wakaziandika, wakaiamsha mashine ya wingu. Ikafanya kazi dakika mbili, ikatoa alama nyekundu. Wakarekebisha, nyekundu. Siku nne zikapita hivyo. Kila ikiwa nyekundu, Bryson alishika kichwa, na Felisita, tuseme ukweli, aliinama kuficha tabasamu. Inaona cha moto, alijiambia. Ilidhani ni mchezo.

Ila ilipofika nyekundu ya saba, kitu kikageuka ndani yake. Alikuwa amesimama nyuma ya Bryson, anasoma yale maandishi, akaona mashine inajaribu kufunga programu kabla haijachukua ratiba. Ni kosa lilelile alilolifanya yeye mwaka wa kwanza. Ikamwuma, kama inavyomwuma mkulima kumwona mgeni anashika jembe vibaya.

"Hebu nipishe," akasema.

Bryson akampisha. Felisita akakaa, akaandika upya hatua ya tano na ya sita, akaongeza moja katikati. Nyekundu, lakini safari hii ilifika hatua ya kumi. "Umeona?" akaiambia ile mashine, isiyo na masikio, iliyoko nchi ambayo hata jina lake hawakuwa na hakika nalo. "Sasa nenda taratibu." Tangu siku hiyo akaanza kuiita mwanafunzi. Mwanafunzi ameamka? Mwanafunzi amekwama wapi? Bryson akawa ndiye anayeleta chai.

Jaribio la kumi na mbili likatoka kijani.

Judica alipiga kigelegele kimoja cha Kipare kikapenya ukuta, na mwenye duka la pembejeo akaja mbio na chepe mkononi akidhani kuna nyoka. Alipoonyeshwa alama ndogo ya kijani kwenye kioo aliitazama kwa muda, akasema hongereni, akarudi kwa wateja wake bado ameshika chepe.

Zilibaki wiki mbili. Judica hakutaka kupeleka kitu kigeni vituo vyote kwa mpigo. "Shamba jipya hupandi lote mbegu usiyoijua," alisema. "Kituo kimoja kwanza." Wakamchagua Luhende, karani wa kituo cha Kasoli, kwa sababu ana simu mbili na mdomo mmoja unaotosha watu watatu. Simu moja ibaki na Zamu iliyojengwa na laptopu, nyingine iwekewe Zamu ya wingu, azilinganishe. Wakulima waendelee kupata ujumbe wa ile ya zamani.

Ijumaa asubuhi Luhende akapiga. Judica akaweka sauti ya wote.

"Ng'wana Shigela, mwangaluka."

"Mwangaluka, Luhende. Programu inaendaje?"

"Programu ni nzuri, haina neno. Nina swali dogo tu la kifamilia. Mke mkubwa ananiambia lori la Jumatatu linakuja saa mbili asubuhi. Mke mdogo anasema saa tano. Sasa mimi nilale nyumba ipi?"

Wakatazamana. "Rudia," Bryson akasema.

"Narudia. Simu ya zamani: Jumatatu saa mbili. Simu mpya: Jumatatu saa tano. Jumatano ya zamani saa nne, mpya saa saba. Ningewafuata hawa Bagalu wa wingu, lori lingefika, lisikute hata mkia wa ng'ombe, lingeondoka, na saa tano wangekuja wakulima mia na mikokoteni wanitafute mimi."

"Luhende, sisi si Bagalu wa wingu," Felisita akasema.

"Mambo ya kuchelewa ubeti hayo. Sisi Bagika tuna saa." Akakata simu akicheka.

Sasa hapa furaha ilipungua kidogo. Zilibaki siku kumi na tatu. Wakaikagua kazi yote, mstari kwa mstari, siku ile nzima. Kiwanda huwaletea saa za malori kwa saa ya dunia, ile ya kimataifa. Programu inaiuliza kompyuta inayoijenga: kwako wewe hiyo ni saa ngapi? Kisha inaandika jibu kwenye ratiba. Hakuna mahali palipokosewa. Laptopu ya Felisita ikijenga, jibu ni sahihi. Mashine ya wingu ikijenga, saa tatu zaidi. Kila mara, tatu kamili.

Jumamosi Felisita alikuwa anafua nyumbani kwake, povu mpaka viwiko, ndipo alipokumbuka. Akasimama hivyohivyo. Akaacha nguo kwenye beseni, akavaa kandambili, akaenda ofisini karibu anakimbia, akampigia kila mmoja aje.

Walipofika alikuwa ameifungua laptopu, ameigeuza kuelekea kwao, na kidole chake kiko kwenye kona ya chini, kwenye saa.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" akawauliza.

"Saa nne na dakika kumi," Judica akasema.

"Someni hapa."

Bryson akasoma. Ilikuwa imeandikwa nne na kumi. "Ni sahihi..." akaanza, kisha akatoa simu yake. Simu yake ilisema kumi na kumi, kama simu yoyote ya Tanzania inavyosema saa nne asubuhi.

"Laptopu hii niliinunua Maswa, ya mtumba," Felisita akasema. "Nikaipeleka nyumbani kumwonyesha baba. Ilikuwa asubuhi. Akaangalia kote, akaona saa, imeandikwa nane na nusu. Akaniambia, ng'wanone, umeuziwa kitu kibovu, jua hili ni la saa mbili na nusu. Wazee wote wakacheka. Nikaona haya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mji mmoja baada ya mwingine, mpaka nikapata mji ambao saa yake inasema kama sisi tunavyosema."

"Mji gani?" Bryson akauliza.

"Uko Brazil."

Bryson akakaa chini sakafuni, kabisa, mgongo ukutani.

"Dada Feli. Miaka mitatu. Wakulima wa Simiyu wanapangiwa malori kutoka Brazil!"

"Na yamefika kwa wakati!" Judica akapiga meza. "Miaka mitatu yamefika kwa wakati!"

Felisita alitaka kuona haya kama siku ile ya wazee, lakini haya haikupata nafasi. Kicheko kiliingia kwanza. Walicheka wote watatu mpaka machozi, akitulia mmoja mwingine anasema "Brazil" na wanaanza upya.

Jumatatu wakaketi kutengeneza. Mashine ya wingu hufuata saa ya dunia yenyewe, na mji ule wa Brazil uko nyuma yake kwa saa tatu, ndizo zile tatu. Kuisogeza nayo Brazil ilikuwa njia ya mkato, na Felisita ndiye aliyekataa. "Atakuja mtu mwingine, na laptopu nyingine, na baba mwingine," akasema. Wakaandika ndani ya programu yenyewe, mahali pamoja, kwa uwazi: chukua saa ya Afrika Mashariki, toa sita, isome kama watu wanavyoisoma, usiiulize kompyuta yoyote iko wapi. Kisha Judica, ambaye si mwandishi wa programu, akabandika karatasi ukutani na kuorodhesha mambo ambayo mkulima hapaswi kutendewa kamwe. Asiambiwe saa isiyo yake. Asiambiwe alete pamba siku ambayo hakuna lori. Asiachwe na kituo kisicho na karani wa kumpigia. Kila mstari wa karatasi ile Bryson na Felisita wakaugeuza kuwa jaribio, mashine ikikuta umevunjwa igome.

Alhamisi iliyofuata wakaijenga Zamu kwa wingu, kituo cha Luhende tena. Simu ikaja. "Wake zangu wamepatana," alisema tu.

Ikabaki Alhamisi moja, yenyewe. Safari hii vituo vyote kumi na tisa, pamoja na cha ishirini kilichofunguliwa juzijuzi.

Jumatano mchana Felisita alikuwa anafunga mkoba. Aliweka khanga, akaweka mafuta, akachukua na laptopu. Judica akasimama mlangoni.

"Hiyo inabaki."

"Dada, kama itatokea..."

"Ikitokea tutaona. Ukienda nayo hujaenda Malampaka. Umehamisha ofisi tu."

Felisita akaitoa, akaiweka mezani, akairekebisha ilingane na ukingo. Akaliweka na daftari juu yake. Hata alipokuwa ndani ya gari, mkoba aliuona mwepesi, akawa anaushika kila baada ya muda kama mtu anayehisi ameibiwa.

Alhamisi jua lilipopanda uwanja wa mashindano ulikuwa umejaa. Baba yake hakumpokea kwa maneno mengi. Alimkabidhi njuga, akamtazama akizifunga, akasema, "Umenenepa kifundo," akaondoka. Binti wa Salu, msichana mrefu mwenye macho ya kucheka, alisimama nyuma kabisa ya mstari akisubiri kuona.

Asubuhi sauti ya Felisita ilikuwa na kutu. Mara mbili alidaka ubeti kwa kuchelewa, na mara zote mbili alimsikia baba yake akikohoa kwa makusudi. Mchana ikaanza kulainika. Lakini saa kumi ilipokaribia, Bagika wakatoa kitu chao walichokuwa wameficha: trekta la mbao, kubwa kama la kweli, linasukumwa na wanaume sita, linatoa moshi puani. Watu wakapiga yowe. Miguu ikaanza kuhama. Kwanza vijana, kisha akina mama, kisha hata wazee wenye viti, wakibeba viti vyao. Kona ya Bagalu ikabaki na watu ambao ungeweza kuwataja kwa majina.

Ndipo Felisita alipomwona mama yake pembeni ya uwanja, anapunga mkono. Mkononi ana simu.

"Felisita! Ng'wanone! Ni Judica!"

Saa kumi na robo. Akajua. Mwili wake wote ulijua, hata kidole cha mkono wa kulia kilijikunja kama kinabonyeza kitu. Vituo ishirini. Hatua mbili pembeni, mkono aunyooshe tu, asome. Baba yake alikuwa amemwona. Safari hii hakukohoa. Aliinua usinga wake, akageuka kuelekea kundi dogo la watu waliobaki, akatupa ubeti kwa nguvu, ubeti ambao hawakuwa wameufanyia mazoezi:

"Nimelima, nimelima, jembe langu limelika limekuwa kijiko!"

Ukawa hewani. Njuga zikanyamaza zikimsubiri.

Felisita akaacha kumtazama mama yake.

"Basi leta chungu tule, baba, trekta la jirani halipiki ugali!"

Kikatoka kicheko kwa wale wachache, kile kicheko cha ghafla kinachomfanya mtu wa mbali ageuke kuuliza kulikoni. Kundi likaitikia, miguu ikagonga chini pamoja, vumbi likainuka. Mzee akatupa mwingine, kuhusu trekta lisilokula majani wala kutoa maziwa, Felisita akaudaka. Mzee akatupa wa tatu, Felisita akaudaka kabla haujamaliza kutoka mdomoni. Akina mama wakarudi kwanza. Moshi wa lile trekta ulikuwa umeanza kuwaingia watu machoni, na ukiondoa moshi, lilikuwa mbao tu. Wazee wakarudi na viti vyao. Jua lilipoanza kuinama, Bagika walikuwa wanalicheza trekta lao mbele ya watoto na mbwa wawili.

Mapumziko yalipotangazwa Felisita alikwenda kwa mama yake, anahema, miguu inalia kila hatua. Mama akafungua fundo la khanga, akampa simu. Kulikuwa na jumbe mbili.

Wa kwanza, saa kumi na robo: "Imegoma. Kituo kipya hakina namba ya karani, Bryson alisahau. Mwanafunzi wako amekataa katakata kupeleka. Usije, tunashughulika."

Wa pili, saa kumi na dakika thelathini na tano: "Kijani. Vituo vyote ishirini. Luhende ameshaanza matusi, kwa hiyo ujue imefika. Cheza."

Akausoma wa pili mara tatu. Zamani toleo lile lingetoka hivyohivyo, kimyakimya, na mahali fulani wakulima wangesimama mbele ya ghala lisilo na karani wa kumpigia. Safari hii lilikuwa limezuiwa mlangoni, likatengenezwa, likaenda, na mtu aliyelizuia hakuwa yeye. Akasubiri aone kama itamwuma. Kilichokuja ni njaa. Akachukua kipande cha kiazi kwenye sahani ya mama yake.

Mzee Shigela akasogea, anajifuta jasho kwa ncha ya shuka.

"Nani alikuwa anakupigia?"

"Kazini, baba."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Wameweza."

Mzee akafikiri kidogo, kama anayepima ubeti.

"Vizuri. Jibu la ubeti wa trekta na maziwa ulilirefusha mno, kesho lifupishe." Akamwita binti wa Salu kwa mkono. "Wewe, sogea. Kesho unasimama pembeni yake, unamsikiliza anavyodaka. Siwezi kuwa na mtu mmoja tu."

Felisita akaangua kicheko mpaka kiazi kikamkwama, mama akampiga mgongoni, na binti wa Salu, asiyejua kinachochekesha, akacheka naye.

"Kunywa maji," mzee akasema. "Tunarudi uwanjani."